Ufagio wa Bi. Mishi

Mkataba una mistari tisa. Wa nane kwa kalamu nyekundu:
*Ngoma hapana. N'na presha.*
Nikatia saini. Nikapanda ngazi na godoro,
na trei za mayai arubaini na mbili za kubandika ukutani,
na kompyuta yenye ufa pembeni,
na ngoma zangu zote ndani yake,
hazijai hata kiganja.

Teke liko hapa. Hapa mkwaruzo. Matoazi manne.
Hapana ngozi ya kuanika, hapana kamba ya kukaza,
hapana moto wa maboksi wa kupashia msondo kabla ya harusi.
Nabofya tu, nazo zalia masikioni mwangu peke yangu,
na Sparki yote imelala.

Kuna mtu humu ndani.
Mahali penye baridi, mbali, sijui wapi,
aliketishwa chumbani akaambiwa: piga.
Piga taratibu. Piga kwa nguvu. Piga kama mtu aliyechoka.
Ngoma ileile, mara mia, mara mia tena,
wakayachuma mapigo yake mojamoja kama bamia,
wakayatia visandukuni, wakaniuzia.
(Kusema kweli hawakuniuzia. Kombo alinipa kwenye flashi.)
Nikipandisha sauti, toazi likishanyamaza,
namsikia akivuta pumzi.
Jina lake halimo kwenye menyu.

Tatizo lake hakosei.
Nimempanga kwenye mistari, naye kakaa kwenye mistari
kama watoto wa chuo siku ya mkaguzi.
Nataka chakacha, anipa saa ya ukutani.
Nataka kiuno, anipa rula.
Kuna kitufe kiitwacho Binadamu. Nikakibofya:
akapepesuka. Nikakipunguza:
akawa mtu aliyevaa kiatu kimoja.
Kukosea kwa bahati nasibu si kukosea kwa mtu.
Mtu hukosea akielekea mahali.

Saa nane usiku. Stima imekatika, feni imesimama,
kompyuta yala betri, jasho lashuka mpaka kwenye kipanya.
Nalisogeza pigo la pili nyuma, unywele mmoja. Nalirudisha.
Nalisogeza tena. Mzunguko uleule, mara sitini,
macho nimefumba,
wala sikujua kisigino changu cha kulia
kilikuwa kikitwanga sakafu muda wote huo.

Ndipo chini kukagongwa.
Mpini wa ufagio kwenye dari; dari yake, sakafu yangu.
Ko. Ko-ko.
               Ko.
“Weye! Wanipigia ngoma kitwani mwangu!”

Nikavua vipokea sauti. Nikaganda.
Akagonga tena, kwa hasira na kwa mkono uliolemewa,
pigo la tatu likichelewa
kama mtu aliyerudi kuchukua funguo,
la nne likija mbio kama mdaiwa.

Wiki mbili nilikuwa nikilitafuta hilo.

Haya, nihukumuni.
Nililaza simu kifudifudi sakafuni, nikarekodi,
nikapiga kisigino. Kidogo tu. Kwa adabu.
Akanijibu.
Nikapiga tena.
Akanijibu mpaka akachoka, akamtaja mamangu, akalala.

Sasa yumo, chini ya teke la yule wa baridini.
Na yule, kwa nilivyosikia mimi, akaanza kupiga vingine,
kama mtu aliyegundua hayuko peke yake chumbani.
Siapi. Ilikuwa karibu alfajiri.
Wawili wasiojuana, hakuna aliyeulizwa.

Tarehe tano nikashuka na kodi, na nusu kilo ya haluwa.
Bi. Mishi akahesabu noti, akaitazama haluwa, akanitazama.
“Usiku hulali weye?”
Nikasema ni mbu.
Mkono wake wa kulia ulinukia dawa ya kuchua.
Akaviweka vidole mezani, akangoja nimalize uongo wangu,
akigonga, ko, ko-ko,
nami, Mungu anisamehe,
nikahesabu.