Maji ya Uvuguvugu

Julai, Njombe. Umande umeganda juu ya majani
na bomba la mochwari limekataa kutoa hata tone.
Naweka birika jikoni.
Obadia, kijana wangu, mwezi wake wa kwanza kazini,
anasugua viganja, anauliza:
"Mama Mligo, maji ya moto ya nani?
Huyu hasikii baridi."

Simjibu. Naingiza kiwiko kwenye beseni
kama mtu anayetaka kumwogesha kichanga.

Aliyelala mezani ni Zakaria Ngole, mpasua mbao.
Gogo liliteleza mteremkoni, Kifanya,
likamkuta kifuani. Usoni hana hata mkwaruzo;
ana unga wa msumeno kwenye nyusi na masikioni,
kama aliyetoka mashine ya kusaga.
Kaka yake yuko njiani kutoka Geita,
mara gari limekwama, mara nauli imepelea,
na maiti haijui kusubiri mpaka ifundishwe.
Ndiyo kazi yangu. Namfundisha kusubiri.

Nachana kidogo juu ya mtulinga,
pale mke anapozoea kulaza shavu,
naukamata mshipa kwa uzi,
mrija unaingia, pampu inakohoa,
dawa inashuka, damu inatafuta mlango.
Kisha nakanda. Bega, kiwiko, kifundo,
kidole kimoja kimoja, dawa ifike mwisho wa safari.
Fomalini inachoma macho. Miaka kumi na tisa
natokwa machozi yasiyo ya mtu yeyote.
(Mengine yalikuwa ya watu. Sikuyatenganisha.)

Nimefika mkono wa kulia ndipo mlango unagongwa.
Ni mkewe, Edina, vitenge viwili juu ya sweta.
Haingii. Anasemea kwenye mwanya:
"Mama, ule utomvu wa vidoleni usiutoe.
Nimeusugua miaka kumi na mmoja,
kwa sabuni, kwa majivu, kwa maneno,
nikamgombeza mezani mbele ya wageni.
Ukiutoa utanirudishia mkono nisioujua."

Chini ya meza ipo chupa ya mafuta ya taa, nusu.
Utomvu wa paina mbele ya mafuta ya taa
ni kama uongo mbele ya bibi, haukai.
Naisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

Obadia anagonga ubao wa jeneza:
"Paina hii. Huenda kaipasua mwenyewe."
"Shika mguu," namwambia.
Lakini usiku nililala na ubao ule kichwani.

Natia uzi midomoni, mshono wa ndani, usioonekana,
nafunga kinywa palepale alipokiachia,
upande mmoja umepanda kidogo,
kama anayetaka kubisha bei.
Unga wa masikioni nautoa kwa pamba.
Wa kwenye nyusi nauacha mpaka mwisho,
halafu nao nautoa. Huo hakuna aliyeuombea.

Sokoni, Semeni wa viazi hunirudishia chenji
kwa kuiweka juu ya gunia.
Simlaumu. Hata mimi huutazama mkono huu
kabla ya kukata mkate.
Leo unanuka msitu.

Dereva aliniambia baadaye: kule Lupembe
jeneza lilipofunguliwa, mama mzazi hakutazama uso.
Alifunua shuka, akatafuta kidole gumba, akakinusa,
akasema neno moja la Kibena
ambalo dereva, Mnyakyusa wa Kiwira,
hakulielewa, na akaona haya kuuliza.

Jumatatu nachelewa, ukungu umefunga barabara.
Ndani wameshaleta bibi mmoja wa Uwemba,
hana kaka wa Geita, hana wa kugonga mlango.
Bomba bado limeganda.
Obadia amechutama kando ya beseni, mvuke usoni,
haulizi ni ya nani.
Kiwiko chake kimelowa.