Glasi ya Bi Kerubo

Jumanne ni zamu ya Kayole.
Maji huja yakikohoa:
hewa kwanza, halafu kutu, halafu rangi ya strungi,
halafu yananawa uso na kujifanya
hayajapita popote.

Mimi ni mchukua sampuli.
Begani nina kisanduku cha barafu,
ndani yake chupa kumi na mbili za kioo.
Wengine huijua Nairobi kwa barabara.
Mimi naijua kwa midomo ya mifereji:
wa kinyozi wa Umoja, uliofungwa kwa kamba ya kiatu,
wa shule, ambao watoto huunyonya kama wana-mbuzi,
wa hosteli ya Donholm, unaong'ata kidole
ukiufungua kwa haraka.

Kazi yenyewe si kubwa.
Nauchoma mdomo wa mfereji kwa kiberiti cha gesi,
nayaacha maji yamwagike dakika nzima
(hapo ndipo akina mama hunichukia,
wakaleta ndoo, beseni, hata sufuria yenye ukoko wa ugali,
tone lisipotee).
Kisha naweka dawa kidogo kwenye kichupa.
Maji yenye klorini huona haya:
huiva mashavu, yakawa waridi.
Maji yasiyo na klorini
hayana haya.

Bi Kerubo anaishi ghorofa ya tatu.
Langoni, kwenye mita, maji yaliona haya vizuri,
kama bwana harusi.
Jikoni kwake nikatia dawa, nikatikisa, nikangoja.
Yakanikodolea macho tu.

Kati ya lango na jiko kuna tangi la juu ya paa,
kifuniko chake kipande cha bati na nusu tofali,
na njiwa,
na Musembi mtunza ploti anayeapa
kwamba mwenye nyumba ameambiwa.
Kuna pia bomba lililopita ndani ya mtaro wa choo
kama mtu anayekatiza kwa jirani
bila kubisha hodi.

"Ninywe, nisinywe?"
Nikamwambia chupa italala maabara,
majibu ni kesho kutwa.
"Na kiu yangu niiambie ilale?"
Binti yake, Nyanchama, alikosa shule wiki tatu
kwa homa ya matumbo. Mtungi wa gesi umepanda bei.
"Nichemshe maji, ama nichemshe maharagwe?
Chagua wewe uliyesoma."

Akasoma kibandiko kifuani pangu.
"Mutheu. Kwenu si ndiyo kusema safi?"
Nikakubali. Ningekana vipi?
Akajaza glasi, akaiweka mbele yangu
juu ya kisahani, kama wanavyowekewa wageni.
"Mla nawe hafi nawe, walisema.
Juu ya mnywa nawe hawakusema lolote.
Kunywa, Safi. Ukinywa, nami nitakunywa."

Glasi ilikuwa angavu. Hilo ndilo linaloniudhi.
Ingekuwa na tope ningekuwa na la kusema.
Dirisha lote la jikoni lilikuwa ndani yake, kichwa chini,
na kamba ya nguo,
na soksi mbili za shule.

Nikaichukua. Nikaimimina kwenye sufuria,
nikawasha jiko kwa kiberiti changu cha kazi.
Tukasimama wawili tukiyasikiliza
yakinong'ona, yakinung'unika,
mifereji sita ikinisubiri mtaani.
Yalipoanza kutokota ndipo nikakumbuka:
kiberiti ni changu,
gesi ni yake.

Fomu ina nafasi ya "Maoni", upana wa kidole.
Nimeandika: langoni yanaona haya,
jikoni hayaoni.
Msimamizi atauliza haya
ni kipimo cha wapi.