Uchambuzi

Uani kwa Bi Mafunda, jamvi tumeshalijaza,
Wa Ole nao wapenda, pishi zao kuongeza,
Na mpira ukatanda, soga zote ukameza,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Moja bila, fainali, mbuzi yupo mnazini,
Kapewa majani, hali, ashajua ya jioni,
Wa Ole, wa gari mbili, wamekuja na sahani,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Dakika ya themanini, krosi ilipoinuka,
Beki Faki yu hewani, na Ngwali naye karuka,
Ikatoka pembezoni, kipenga hakikutoka,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Mize wa Ole kasema, "Mkono niliuona!
Wallahi nilisimama, nyuma ya nguzo ya kona,
Mmetunyang'anya nyama, mbuzi tulishamchuna!"
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Khatibu akamjibu, "Huo bega, si mkono,
Mpira ulimsibu, hapa ulipo mshono,
Na refa yuko karibu, hasinzii kama pono."
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Bi Mafunda kauliza, "Penalti ndiyo nini?"
Wakataka kumweleza, wakabishana njiani,
Makonyo wakayakaza, kuwa goli mchangani,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

"Ua hili ndiye Faki, na kikonyo ndiye Ngwali,
Refa hapo habanduki, bega kwa bega na goli."
Paka kaja na mikiki, akazoa timu mbili,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Kombo akatoa simu, picha ndogo, yatetema,
Tukaona nusu timu, kofia ilosimama,
Ilipofika muhimu, simu yake ikazima,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

"Shaame kapewa chake," Mize aking'ang'ania,
"Mjomba wa mke wake, Mtambwe analimia,
Na ile filimbi yake, nani alomlipia?"
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Siku tisa kajaribu, kusalimia dukani,
Watoto hawana tabu, wampulizia njiani,
Kachorwa bila aibu, kipofu, pale shuleni,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Faki mwenyewe ni mie, pembeni nimejikunja,
Wataka niwaambie, neno moja wanangonja,
Nikasema, "Bega, nyie!", ulimi wangu mjanja,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Kidole changu cha mwisho, nimekificha kwa nguo,
Kimevimba, cha kitisho, chapuma kama mifuo,
Nimewapa kichekesho: mlango na ufunguo,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Uligusa, nakubali, nilisikia mfupa,
Nikatua, sina hali, nikamwangukia kipa,
Na nyama juu ya wali, nikatafuna mifupa,
Twachambua karafuu, tukimchambua refa.

Hodi! Tukanyamazana. Shaame aja na pishi,
Nafasi hakuiona, ila kwangu, penye moshi,
Kakitazama kwa kina, kidole, wala habishi,
Twachambua karafuu, kati yetu yuko refa.

Akavuta fungu langu, akasema, "Pumzika.
Jua lilikuwa kwangu, usoni, likaniwaka,
Niloona, peke yangu, ni kivuli kikiruka."
Kachambua karafuu, zangu mimi, huyo refa.

Mize kainua shingo, aulize, kaghairi,
Mdomo, kama mlango, nikaufunga kwa siri,
Pishi tatu, kwa kiwango, nikalipwa, si kwa heri,
Zanukia karafuu, za mkono wake refa.