Nilipopekua Kabati la Mama

Tisa nukta nne.
Nambari ile niliibeba kutoka hospitali ya Ibra
kama abebaye talaka ya mtu mwingine,
nikafika nyumbani, sikuvua hata abaya,
nikafungua kabati la mama.

Nikitafuta nini? Halua.
Kopo lake jekundu lenye picha ya ngome
nililikuta limejaa vifungo,
sindano za kushonea, risiti za vitambaa.
Nikapapasa chini ya mto. Nikanusa mkoba.
Ndani ya mtungi wa tende
buibui ametanda, na yeye ana njaa.

Kaka Muhanna alikwisha hukumu tangu Shaabani:
"Anakula kwa siri. Wazee ndivyo walivyo."
Nami nilimsadiki,
kwani nambari haina haya wala huruma,
na mama ana vyote viwili.

Ilikuwa Jumatano, yeye yuko soko la wanawake,
ameketi mkekani anauza kofia za mkono.
Nilikuja kuambiwa baadaye:
jirani yake alimsogezea sahani, akaisukuma,
"Mie hicho nakitazama tu, kama picha ya marehemu."

Jioni akarudi, akafungua kabati, akafunga.
"Vifungo vyangu vimehamia kushoto,"
alisema, basi.
Akala wali wake, vijiko sita. Nilivihesabu.

Zikapita wiki tatu.
Mirija miwili ya damu alikuwa ameitoa
kwa watu wa utafiti, bure,
"maana hiyo damu nimeipata bure pia."
Dokta Ihab, Msudani asiyepaza sauti,
akanitandazia karatasi yenye vilima:

"Hizi ni asidi amino, matofali ya nyama.
Huyu leusini. Huyu isoleusini. Huyu valini.
Ndugu watatu, kila mmoja ana panda.
Kwa mama yako wamesongamana damuni
kama waalikwa nje ya ukumbi uliofungwa.
Na huyu glisini, tazama,
kilima chake ni kichuguu."

Nikauliza: kala nini?
Akacheka kwa pua.
"Si lazima awe kala. Insulini ipo,
ufunguo upo, kitasa ndicho kimeingia kutu.
Sukari nje, matofali nje,
wote wanasukumana barabara moja.
Hawa watatu huweza kupanda
miaka kabla sukari haijasema neno.
Ila nani kamzaa nani, dada,
moshi au moto,
sisi bado tunabishana."

Bado wanabishana.
Mimi sikubishana. Mimi nilipekua.

Njiani nilisimamisha gari mara mbili
kutafuta neno la kuombea radhi.
Kwa Kiarabu lilikuja refu mno,
kwa Kiswahili likanikaba.
Nikanunua viatu vya mpira, namba thelathini na saba.

"Vya nani?"
"Vyako. Dokta kasema misuli ikitembea
hufungua mlango hata bila ufunguo ule."
Mama akavigeuza, akavikagua nyuzi
kama anavyokagua kofia za washindani wake.
"Kumbe," akasema, "mwili nao una mlango wa uani."

Tukatoka baada ya Alasiri, kando ya falaji,
mitende kushoto, ukuta wa udongo kulia,
yeye mbele, magoti yakilalamika,
mimi nyuma na radhi yangu mdomoni
kama kokwa isiyotemeka.

Penye daraja dogo akasimama.
Akafungua pindo la kanga, taratibu,
fundo la kwanza, fundo la pili:
tende moja ya khalasi, imeshikana na uzi.
Akaikata kwa meno,
nusu akanipa.

"Kabati ulipekua," akasema, "pindo hukupekua."
Akatafuna, macho juu ya maji.
"Haya. Hii nayo iandike."