Cheti cha Kuwa Hai

Leo asubuhi nimeteremka kutoka Kadutu
na picha mbili, bahasha, na goti moja zima,
kwenda kuthibitisha kwamba sijafa.
Kila mwaka wanataka hivyo:
mwanajeshi mstaafu aje na uso wake
mbele ya kijana mwenye muhuri.

Kijana akanitazama, akatazama picha, akanitazama tena.
"Zihindula Murhula. Ajida?"
Ajida, ndiyo. Miaka thelathini na miwili.
"Una ushahidi gani kwamba ni wewe?"
Nilitaka kumvulia shati aone bega.
Nikaona aibu. Nikampa picha ya pili.

Foleni ya wastaafu haina cheo.
Kanali Ntakwinja, aliyetudai saluti hata mlangoni pa choo,
alisimama nyuma yangu na mfuko wa plastiki,
akaniuliza kama nina kalamu.
Nikampa.
Mkono wangu mwingine, mjinga,
ulikuwa umeshafika kwenye paji la uso.

Siku hizi nashona viatu kando ya ngazi za soko.
Usinicheke. Kiatu hakijui uongo.
Kilicholika kidoleni ni cha mama abebaye mchanga,
kamba kwenye paji, mwili wote umeinama mbele;
kilichotoboka katikati ni cha mwalimu.
Wakubwa hunitumia vyao kwa mkono wa dereva:
soli haina hata punje ya udongo,
wanataka rangi tu.

Mimi niliongozwa na Kapiteni Lwaboshi, mwenye kigugumizi.
Amri zake zilichelewa kutoka mdomoni.
Alfajiri moja, ukungu umelala juu ya mto,
vivuli vikisogea ng'ambo,
alisema pi, pi, pi,
na kabla hajalifikisha neno mwisho
ukungu ukapasuka, tukaona madumu ya njano,
wanawake wanachota maji, mmoja ana mtoto mgongoni.

Usiku ule alikula wa mwisho. Maharage yalikuwa yamekwisha.
Akalamba kijiko taratibu, kama mtu aliyeshiba,
akatutakia usingizi.
Nimesikiliza hotuba nyingi uwanjani, jua la utosi,
bunduki begani.
Sikumbuki hata moja.

Jioni redio ya jirani hutuletea ulimwengu.
Wamekutana katika mji wenye theluji.
Wana wasiwasi mkubwa, wanasema.
Wasiwasi naujua: huanzia tumboni, hushukia magotini,
haukai kwenye kiti chenye jina lako
na chupa ndogo ya maji.

Mjukuu wangu Nabintu ana miaka tisa,
ramani ya dunia ameijua kwa mabomu.
"Babu, vita vya kule ni vikubwa kuliko vyetu?"
Nikamjibu: vita vya panzi, furaha ya kunguru.
Akacheka. Alidhani nasema Panzi,
mtaa anakokaa shangazi yake.
Sikumsahihisha.
Wala halikuwa jibu; ni methali tu,
nilijificha humo kama kwenye handaki.

Kapiteni alikufa kwa malaria, kitandani,
bila nishani, bila wa kumuuliza ushahidi.
Nami sijamwambia mtu, hata mke wangu, Mungu amrehemu,
kwamba pale mtoni
kidole changu hakikungoja neno liishe.
Kilikuwa kimeshaanza kuvuta.
Bunduki ilikwama. Basi.
Udongo kidogo, kutu kidogo:
hapo ndipo wema wangu wote ulipo.

Kijana aligonga muhuri: yu hai, hadi mwakani.
Akanishika dole gumba, akalichovya kwenye wino.

Wino haukutoka kwa sabuni.
Kiatu cha kwanza nilichokishika mchana
kimeondoka na alama yake.
Sasa hivi kuna mtu anapandisha Nyawera,
ana haraka zake, hajui
kwamba ushahidi wangu uko kisiginoni mwake.