Kupatana

Nimekuja na waya.
Nimeuviringa kwenye kipande cha leso, nikautia mkobani
chini ya miwani na risiti za uzi,
kwa sababu mwaka juzi niliingia duka kama hili mikono mitupu
nikatoka na printa isiyojuana na kitu chochote nyumbani kwangu.
Ipo hadi leo. Huwa naweka pasi juu yake.

Kahindi wa stendi anifutia kiti vumbi.
"Bi Somoe, hii ni mpya kabisa, nyembamba kama chapati ya maji,
inawaka kabla hujamaliza bismillahi."
Naigusa. Kweli, ni nzuri.
Naigeuza ubavu huu, naigeuza ubavu ule,
kama nigeuzavyo kanzu kutazama mshono wa ndani.
Matundu mawili. Madogo, kama ya vifungo vya shati la mtoto.
"Na huu wangu utaingia wapi?"

Nautoa waya.
Kichwa chake kipana, sindano ishirini na tano,
mbili zilipinda, nikazinyoosha mwenyewe kwa kibano cha nyusi.

Anacheka. Mie sicheki.
Cherehani yangu ya tarizi ilitoka Japani
kabla Kahindi hajaota ndevu,
ikapita kwa fundi wa Mombasa, ikapita kwa watawa
waliofunga karakana yao, ikaja kwangu Maweni kwa mkokoteni.
Haisikii lugha yoyote ila ya programu yake,
na programu yake haikai ila kwenye mfumo wa zamani,
ule wa biti thelathini na mbili,
na mfumo ule, mashine za leo zinaufungia mlango.

"Shida ni dereva tu," asema Kahindi.
Dereva!
Malindi hii, kila pembe tuktuk,
madereva wamejaa hadi wanapigania abiria,
na huyu wangu mmoja hapatikani:
waliomtengeneza walifunga ofisi, hawakuacha wasia.

"Basi nakupunguzia elfu tatu."

Sikia, mwanangu. Bei tutapatana,
mimi na wewe tuna midomo.
Lakini hiki na hiki
havina midomo, havipatani,
na hakuna mshenga wa kuvisuluhisha.
Mteja akiniletea yadi mbili akataka buibui la yadi nne,
simpunguzii bei. Namwambia haitoshi.

Nafungua daftari. Jana usiku nilikipima kile chuma cha nyumbani
kama nimpimavyo mtu, bega, kifua, urefu wa mkono:
mfumo gani, tundu gani, kumbukumbu kiasi gani,
diski ina nafasi ya michoro mingapi.

Dama, binti anayetengeneza simu kule pembeni,
bisibisi sikioni kama kalamu ya seremala,
anakuja, anasoma begani kwangu, hasemi kitu.
Anainama nyuma ya mlango.

Kilichozuia mlango usibamizwe na upepo
kilikuwa kompyuta.
Rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Kitambulisho cha afisi fulani
kimebanduliwa nusu. Na mgongoni, chini ya utando wa buibui,
tundu pana, safu mbili,
kumi na tatu juu, kumi na mbili chini.

Nikatabasamu.
Kosa langu hilo. Kahindi aliniona,
na kizuizi cha mlango
kikapanda bei palepale hadi elfu kumi na mbili.

Tulimaliza kwa tisa. Nusu nimelipa,
nusu nitalipa sindano ikishashona.

Sasa ni saa nne za usiku. Beji arobaini za shule zinangoja,
wanafungua Jumatatu. Feni inakoroma,
skrini inawaza, inazima kidogo, inawaza tena.
Waya umeingia bila kusukumwa.
Sindano inashuka kwenye kitambaa cha majaribio,
inapanda, inashuka,
nami nimeinama, miwani puani,
nauona mguu wa kwanza wa herufi,
sijajua bado ni herufi gani.