Saba Mara Nane

Mwalimu Musyimi alinifunza gari Buruburu
katika Datsun iliyonuka petroli na maganda ya machungwa.
"Ukisimama foleni," alisema, "vuta breki ya mkono,
weka gia huru, toa mguu.
Aliye nyuma yako naye ana macho."

Leo macho hayo ni yangu.
Barabara ya Jogoo, saa moja kasorobo, mvua;
tangu Hamza hatujasogea hata urefu wa mkokoteni.
Probox iliyo mbele imeng'ang'ania breki
kana kwamba tuko mteremkoni,
na wekundu wake umeniingilia hadi mapajani,
umepaka usukani, umepaka sukuma na vitunguu kitini,
umepaka pete ambayo sijaamua kama nitaendelea kuivaa.
Nafumba jicho moja. Nabadilisha, nafumba la pili.
Namtukana dereva polepole,
kwa adabu, kama mtu anayesali.

Natazama kioo cha nyuma, natafuta shahidi.

Humo, katika kigari kisicho na taa ya ndani,
mtoto wa sweta ya shule ameketi mbele, kando ya mamake,
daftari amelilaza juu ya dashibodi,
penseli imetafunwa kichwa.
Midomo yake naiona ikienda:
saba mara nane,
saba mara nane.
Ukurasa wake ni mwekundu.
Mwekundu kwa taa zangu.

Kumbe nami nimekanyaga.

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye breki,
ukasita hapo, ukarudi pajani.
Shavu la mguu linaniuma, vidole vimekufa ganzi
ndani ya kiatu kilicholowa pale Muthurwa.
Nisamehe, Mwalimu.

Halafu Probox ikazimika nyekundu, ikasogea,
nasi tukasogea, hatua nne, tano,
na nyuma yangu ukurasa ukapotea.
Mtoto akainua uso kunitazama
jinsi tunavyoitazama balbu stima ikienda,
bila kulaumu, tukingoja tu.

Nikakanyaga upesi, kabla ya haja,
mpaka sukuma zikaanguka kitini.
Aliye nyuma ya mamake akapiga honi ndefu.

Mtoto aliinama, akaandika.
Waipa ikafuta kioo, mvua ikakirudia.
Sikuona kama ni hamsini na sita.